Uzi Usio na Gundi

Meneja wa daraja aliileta ile karatasi ya vipimo kituo cha polisi mwenyewe, ndani ya bahasha ya plastiki, kama mtu anayeleta cheti cha ndoa. Mstari mwekundu ulitambaa chini ya karatasi kutoka asubuhi, ukatambaa, ukatambaa, halafu ghafla ukasimama wima kama msumari na kukatika. Chini ya msumari ilichapwa saa: tano na dakika kumi na tisa. Ndiyo saa ambayo daraja la juu ya reli lilianguka na lori mgongoni, likaua watu wawili waliokuwa wanapita chini kwa miguu.

"Mzigo umepita kiasi," Meneja alisema. "Chuma chenyewe kimeshuhudia."

Kwa karatasi hiyo dereva wa lori alikuwa na siku tatu mahabusu. Na leo hii, saa kumi jioni, Mkuu wa Kituo alitaka jalada mezani kwake likiwa na sahihi, ili kesho dereva asimamishwe mahakamani kwa kuua.

Inspekta hakuwa ameweka sahihi. Wala hakuwa na hoja yoyote ya maana. Alikuwa amechoka, basi, na mtu aliyechoka husoma kitu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakikuingia. Ile mara ya pili ndipo alipoona pembeni, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, orodha ya vipimo vya daraja: moja, mbili, tatu, nne, sita.

Orodha hiyo ndiyo iliyomfikisha saa nne asubuhi kwenye kibanda cha vipimo, kando ya kile kilichobaki cha daraja. Chumba cha hatua nne kwa tatu, feni iliyosimama, kompyuta moja, na sanduku la chuma lenye taa ya kijani. Koplo wake, mwanamke mfupi mwenye tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu, alisimama mlangoni. Kwenye kiti alikaa fundi wa vipimo, ambaye kila mtu pale alimwita Miwani, maana mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa waya.

"Tano iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Tano ipi, afande?"

"Baada ya nne huwa inakuja nini shuleni kwenu?"

Koplo alicheka puani. Miwani hakucheka.

"Aa, hiyo. Hiyo mbovu, afande. Tunaiita Mvivu."

"Nieleze pole pole. Jifanye unamweleza mama yako."

Miwani alivuta droo, akatoa kipande cha uzi wa kioo, chembamba kama unywele, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Uzi huu umegandishwa kwa gundi kwenye boriti za daraja. Sanduku hili linapeleka mwanga ndani yake. Kila penye kipimo, uzi una alama ndani, na alama hiyo inarudisha rangi moja tu. Sasa gari likipita, boriti inavutika. Uzi nao unavutika. Basi ile rangi inahama kidogo. Kidogo kabisa, wewe na mimi hatuoni hata tukitoboa macho. Sanduku ndilo linaona, linaandika limevutika kiasi gani."

"Na Mvivu?"

"Mvivu yuko boriti ile ile ya kipimo namba nne, ila waliofunga mitambo walisahau kumtia gundi. Wamemweka ndani ya kijibomba, analegea humo. Lori lipite, treni ipite, yeye kimya. Tangu nimeanza kazi hapa hajawahi kushtuka kwa gari hata moja."

"Hajawahi kusogea?"

"Kusogea anasogea, lakini ovyo tu. Gari halimhusu."

"Mwongozo wa mitambo unasemaje?"

Miwani alisafisha miwani kwa shati, ingawa shati ndilo lilikuwa chafu zaidi. "Mwongozo uko ofisini kwa Meneja, afande. Kwenye kabati la vioo. Pamoja na cheti chake."

"Cheti cha nini?"

"Mafunzo. Waliouza mitambo walitoa nafasi mbili za kwenda kujifunza kwao, wiki mbili. Akaenda Meneja na shemeji yake."

"Shemeji yake ni fundi?"

"Ana duka la mapazia."

Ndivyo mambo yalivyo. Anayeshika bisibisi anabaki nyumbani kukisia, na anayeshika muhuri anarudi na picha za uwanja wa ndege. Inspekta alikuwa ameshaona ya aina hiyo mengi mno, hata hakutikisa kichwa.

"Nionyeshe huo ovyo wa Mvivu. Mwezi mzima."

Miwani aligonga vitufe. Mstari wa bluu ukajaa kwenye kioo, mawimbi thelathini yaliyofanana kama mapacha, juu, chini, juu, chini. Inspekta aliweka kidole kwenye kilele cha wimbi moja.

"Hapa saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Na hapa bondeni?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Hapa katikati hapakupanda sana. Siku gani hii?"

Koplo alitazama tarehe. "Siku ile ya mvua, afande. Ilinyesha kutwa."

Inspekta alikaa kwenye ukingo wa meza. "Fundi, mtu anayepanda na jua na kushuka na baridi, na magari hayamshughulishi, huyo utamwita mvivu? Huyo anapima joto. Wale hawakusahau gundi. Walimwacha kusudi. Uzi ukipata joto si rangi inahama vilevile?"

Miwani aligeukia tena mstari wa bluu. "Inahama," alisema taratibu. "Inahama kama umevutwa."

"Basi ulitakiwa umtazame huyu kwanza, umtoe kwa yule wa namba nne, ndiyo ujue ni mzigo kiasi gani na ni joto kiasi gani."

"Mama yangu." Miwani alishika kichwa. "Miaka mitatu, afande. Miaka mitatu namtukana."

"Mwombe radhi baadaye. Sasa nipe siku yenyewe. Lakini usinipe siku nzima kwenye kioo kimoja kama alivyofanya bosi wako. Nipe kuanzia saa tano tu."

Ule msumari mwekundu wa karatasi ulipotanuliwa haukuwa msumari tena. Ulikuwa mlima. Kipimo namba nne kilianza kupanda saa tano na dakika saba, kikapanda bila haraka, dakika baada ya dakika. Juu kabisa ya mlima kulikuwa na jino dogo, kisha uzi ulikatika.

"Jino hili?"

"Ndiyo lori, afande. Gari likiingia linachora jino, likitoka jino linakwisha. Sekunde nane, kumi."

"Lipime. Na lipime la basi la asubuhi."

Miwani alipima mara mbili, midomo ikihesabu. "Limezidi la basi kidogo. Malori yote yanazidi basi. La jana yake, lile la saruji, lilikuwa kubwa kuliko hili."

"Kwa hiyo mzigo wake ulikuwa wa kawaida," Koplo alisema.

"Na tikiti ya mizani ya dereva, ile Meneja anayosema ni ya kughushi, ina saa ngapi?"

Koplo alifungua daftari. "Tano na dakika mbili. Na kutoka mizani hadi hapa ni robo saa kwa lori, na ushee."

"Lori gani linaanza kuelemea daraja likiwa bado barabarani huko, halijafika?" Inspekta alijibu mwenyewe kwa kupangusa uso. "Nileteeni Mvivu, saa hizo hizo."

Mstari wa bluu ulikuja juu ya ule mwekundu. Tangu saa tano na dakika saba miwili hiyo ilipanda pamoja, bega kwa bega. Tofauti ilikuwa moja tu. Mvivu hakuwa na jino.

Nje treni ya mizigo ilisogea polepole kando ya kifusi kilichokwisha kuondolewa relini.

"Jua halipandi hivyo kwa dakika kumi na mbili," Inspekta alisema. "Kulikuwa na moto chini ya boriti."

"Nani amewaruhusu kugusa mitambo ya idara?"

Meneja alikuwa mlangoni, nyuma ya Koplo, shati jeupe lenye mkunjo wa pasi. Alikuwa mtu wa kunukia vizuri hata kwenye vumbi.

"Karibu, Meneja. Ulisema siku ile hakukuwa na kazi yoyote darajani."

"Nilisema, na nimeandika."

"Hakuna ukarabati? Hakuna aliyechomelea, aliyekata chuma?"

"Inspekta, umesoma uhandisi?"

"Sijasoma, bwana. Ndiyo maana nauliza."

"Basi usipotoshwe na vipimo vibovu. Kile cha tano ni kibovu tangu siku ya kwanza. Niliagiza kiondolewe kwenye ripoti."

"Kiliondolewa kwenye ripoti. Kwenye sanduku kilibaki."

Meneja alimtazama Miwani. Lilikuwa lile jicho ambalo mtu mwenye watoto wanaosoma analifahamu vizuri. Miwani aliinama, akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

"Nina kikao," Meneja alisema. "Mgeni rasmi alikuwa aje Jumamosi kukagua daraja. Sasa wizara inataka maelezo. Mmalize kazi yenu, dereva mnaye. Nimeshaongea na mkuu wako."

"Salamu zimefika."

Gari lake liliondoka. Koplo alitema kipande cha kifuniko cha kalamu. "Afande, na huyu fundi mwenyewe je? Si ndiye aliyechora ile karatasi? Labda moto ni wake."

Inspekta alikuwa amefikiria hilo tangu alipoona namba tano haipo. Aliiomba mikono ya Miwani, akaigeuza huku na huku kama mama anayekagua kama watoto wamenawa. Ilikuwa laini, haina hata alama ya cheche. Daftari la zamu nalo lilimweka kibandani, na mlinzi wa lango la reli alikuwa ameshasema kwamba daraja lilipoanguka tu, Miwani ndiye aliyetoka mbio kibandani, peke yake, akipiga kelele. Njia hiyo ilifungwa hapo.

"Twende chini," alisema.

Kifusi kilikuwa kimezungushiwa kamba. Wakainama kwa saa nzima juani, Inspekta akishika kiuno kila anapoinuka, hadi Koplo akaita. Boriti ya nne ilikuwa imelala ubavu. Upande mmoja chuma kilikuwa kimechanika, meno meno, kama mkate uliomegwa. Upande wa pili hakikuchanika. Kilikatwa, mstari ulionyooka, na pembeni mwa mstari chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimeganda matone matone. Juu yake ilichorwa chaki: mstatili, na vipimo vyake kwa namba.

"Kiraka," Miwani alisema nyuma yao. "Kulikuwa na ufa. Niliuona wiki mbili nyuma, nikaandika. Walitaka kukata kipande kibovu watie kizima."

"Gari zikiwa zinapita juu?"

"Barabara ilitakiwa ifungwe, afande. Lazima ifungwe. Haikufungwa."

"Nani hapa mjini anakubali kukata chuma cha serikali bila karatasi?"

Miwani alitazama kule gari la Meneja lilikoelekea. Kisha akavua miwani, kana kwamba akisema bila kuona itakuwa nafuu. "Mchomeleaji mmoja tu. Anaitwa Oksijeni."

*

Oksijeni aliishi nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji. Mkewe alikuwa anaanika nguo. Aliwaona, akaendelea kuanika, kila nguo akiikung'uta kama imemkosea adabu.

"Shikamoo mama," Koplo alisema.

"Marahaba. Hayupo. Amesafiri."

"Lini?"

"Juzi."

Koplo alitazama kamba. Suruali ya kazi, yenye matundu madogo ya cheche mapajani, ilikuwa bado inachuruzika maji. "Amesafiri bila suruali, mama?"

Mwanamke alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kutoka ndani sauti ya mwanamume ikasema, "Waache waingie, mke wangu. Nimechoka kujificha kwenye nyumba yenye mlango mmoja."

Alikuwa mtu mkubwa, ameketi kitandani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa hadi kiwiko. Mtungi wake wa gesi ulisimama kona, umefunikwa shuka, kama mgeni aliyelala amesimama.

"Mimi ndiye niliyewaua," alisema kabla Inspekta hajakaa.

"Salimia kwanza."

"Habari za kazi, afande."

"Mbaya. Nani alikuita?"

"Meneja. Kwa simu. Saa tano kasoro dakika kumi." Alisukuma simu kwa mkono mzima. Koplo aliinakili namba. "Akaniambia kuna ufa, mgeni anakuja, nikate nitie kiraka kipakwe rangi, kisionekane. Nikamwambia, mkubwa, funga barabara. Boriti ukiitoa nyama haibebi. Akaniambia barabara ikifungwa watauliza kwa nini imefungwa. Dakika kumi tu, akasema. Kata haraka."

"Alikuwa wapi?"

"Juu yangu. Amesimama pembeni ya daraja, simu sikioni. Lori lilipokuja hata mkono hakuinua. Mimi nilisikia tu mlio, nikaruka."

"Na baadaye?"

"Baadaye akaja hapa. Akasema, Oksijeni, moto ulikuwa mkononi mwa nani? Nikasema mwangu. Akasema basi nyamaza, dereva atabeba, hana wa kumtetea." Alimwelekezea mkewe kidevu. "Nina siku tatu sili. Muulize huyu."

"Hali kitu," mkewe alisema mlangoni.

Inspekta aliandika yote kwa mkono wake, polepole, akamsomea, Oksijeni akaweka sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Dereva alikuwa ametoka kwenye kesi. Hilo lilikuwa wazi hata kwa kipofu.

"Unakuja nami kituoni kurudia haya mbele ya Mkuu. Hukuwa na uwezo wa kufunga barabara. Yeye alikuwa nao, na uliomba. Unakuja kama shahidi."

"Atarudi?" mkewe aliuliza.

Inspekta angeweza kusema sijui. Kwa miaka yake ya kazi alipaswa kusema sijui.

"Atarudi, mama," alisema.

*

Saa kumi kasoro robo Mkuu wa Kituo alisoma maelezo, akatazama michoro miwili, mwekundu na bluu, akayasoma maelezo tena. Hakuwa mjinga. Wakuu wangekuwa wajinga ingekuwa nafuu.

"Kazi nzuri," alisema. "Dereva aachiwe."

"Asante, mkuu. Na Meneja tukamlete?"

"Meneja tutamwandikia barua ya wito. Ni mtu wa idara, makazi yake yanajulikana. Mchomeleaji muingize ndani."

"Mkuu, huyo ni shahidi. Nimemleta kama shahidi."

"Amekiri. Umeandika mwenyewe hapa, kwa mwandiko wako: mimi ndiye niliyewaua. Mstari wa kwanza."

"Soma na wa tisa. Aliomba barabara ifungwe. Na makazi yake nayo yanajulikana, nimetoka huko sasa hivi."

"Inspekta." Mkuu aliweka kofia mezani, kitendo chake cha kumaliza mazungumzo. "Wizara wanataka kusikia leo kwamba kuna mtu ndani. Asubuhi alikuwepo mmoja. Jioni siwezi kuwaambia hayupo hata mmoja."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi wewe. Mimi sikumwahidi."

Inspekta akachukua kalamu, na chini ya maelezo ya Oksijeni, kwa mwandiko ule ule, akaandika kwamba mtajwa ameletwa kituoni kama shahidi na kwamba mpelelezi anapinga kuwekwa kwake mahabusu. Akaweka saa, tarehe na sahihi. Mkuu alimtazama akiandika, hakumzuia. Karatasi haikumtisha, alikuwa na kabati zima la karatasi.

Kaunta ilikuwa nyembamba, ya kuingilia na ya kutokea ni hiyo hiyo. Upande mmoja dereva alikuwa anarudishiwa vitu vyake, mkanda, saa, viatu visivyo na kamba. Mkewe amemshika shati mgongoni kwa ngumi, kama anaogopa watamvuta tena. Upande wa pili Oksijeni aliambiwa avue mkanda. Alimtazama Inspekta mara moja, kisha akautazama mkanda wake, akaanza kuhangaika na kifungo kwa mkono mmoja.

Koplo alifungua kitabu cha mahabusu. "Afande, kwenye kosa niandike nini?"

Inspekta alisogea, akamsaidia Oksijeni kufungua mkanda, maana mkono uliofungwa kitambaa haukuweza.

Dereva alikuwa ameshafika mlangoni. Hakumjua yule mtu mkubwa alikuwa nani wala alifanya nini, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia. Aligeuka tu, kama mpangaji anayehama anavyomgeukia anayehamia.

"Kaka," alisema, "lala kona ya kushoto. Kule kwingine kunavuja."

"Asante, ndugu yangu," Oksijeni akasema, akaingia.